Manjano ya Siku ya Kwanza

Mtoto amezaliwa jana usiku. Leo jioni mama anamtazama machoni na kuona weupe umegeuka rangi ya binzari. Bibi anasema atolewe juani asubuhi, yatakwisha. Kwa watoto wengi manjano huanza siku ya pili au ya tatu kwa sababu ini bado changa, nayo hupungua yenyewe. Ya huyu yamekuja kabla ya saa 24. Hayo ni ya kukimbizwa hospitali usiku huohuo.

Mara nyingi chanzo ni damu ya mama. Mwenye kundi O hubeba kingamwili dhidi ya A na B tangu utotoni mwake, hata kama hajawahi kuongezewa damu. Mtoto akirithi A au B kwa baba, baadhi ya kingamwili hizo huweza kupenya kondo la nyuma na kupasua chembe zake nyekundu. Hata kifungua mimba hasalimiki. Kwa Rh mambo ni mengine: mama hasi kwa kawaida huzaa mtoto wa kwanza chanya bila tatizo, lakini damu zikigusana wakati wa uzazi mwili wake hutengeneza kingamwili, na anayeumia ni mtoto anayefuata. Sindano ya anti-D ndani ya saa 72 baada ya kujifungua huzuia hayo. Ipo tangu miaka ya 1960, na bado naumia nikikutana na mama aliyejifungua bila kuambiwa kundi lake.

Chembe zikipasuka huzalisha bilirubini, ndiyo rangi hiyo ya manjano. Ikizidi huingia ubongoni, ikaacha uziwi na viungo visivyotulia maisha yote.

Tiba yake ni mwanga. Mwaka 1956, katika hospitali ya Rochford, Uingereza, muuguzi Sista Ward alikuwa na desturi ya kuwatoa watoto njiti nje wapate jua. Siku moja aliwaonyesha madaktari mtoto ambaye manjano yake yalififia mwili mzima, ikabaki pembetatu moja iliyokolea: palipofunikwa na ncha ya shuka. Wenzake wakatengeneza taa ya kufanya kazi ya jua hilo, na kufikia 1958 walikuwa wamechapisha matokeo yake. Taa za leo ni za mwanga wa buluu. Mtoto hulazwa uchi, macho yamefunikwa, saa baada ya saa. Jua la asubuhi uani haliwezi kazi hiyo.

Ngozi nyeusi huficha manjano. Mpeleke mtoto penye mwanga wa mchana, mbonyeze kifuani kwa kidole, achia, utazame rangi kabla damu haijarudi. Kisha fizi, viganja, nyayo.