Ada ya Kugandishwa Hainunui Utafiti

Kila ninapomaliza mhadhara kuhusu uhifadhi wa viungo kwa baridi, swali huwa lile lile: "Wale Wamarekani waliogandishwa baada ya kufa, si pesa zao ndizo zinazotafuta njia ya kuwafufua?" La, sizo. Nimelijibu swali hili mara nyingi mno, na leo naliandika ili lisomwe.

Tufanye hesabu. Cryonics Institute ya Michigan, taasisi inayogandisha wafu, hutoza dola 28,000 kwa mwili mzima. Alcor ya Arizona ilitoza dola 200,000 kwa miaka mingi, na zaidi ya nusu yake iliingia katika mfuko wa amana wa kuwatunza waliohifadhiwa. Chukua dola 100,000 ndani ya mfuko kama huo. Zikizaa asilimia 2 juu ya mfumuko wa bei, faida ni dola 2,000 kwa mwaka. Hizo zichangie jengo, mafundi, wakili, na hasa naitrojeni ya kimiminika. Mtungi wa kuhifadhia mwili hauendeshwi kwa umeme. Baridi yake inatokana na kimiminika chenye nyuzi 196 chini ya sifuri, ambacho huchemka na kupungua kila siku. Mtaalamu wa uhimilishaji anayebeba mbegu za madume ya ng'ombe katika mtungi wa naitrojeni kutoka Usa River, Arusha, anajua kinachotokea mtungi usipojazwa. Katika dola 2,000 hizo, mshahara wa mtafiti uko wapi?

"Basi watumie mtaji wenyewe," huniambia. Hapo ndipo subira inaponiishia, kwa sababu kukaa bila mtaji kumeshawahi kugharimu. Robert Nelson, aliyeongoza kundi lililomgandisha James Bedford Januari 1967, baadaye alihifadhi miili katika chumba cha chini ya ardhi kwenye makaburi ya Chatsworth, California. Hapakuwa na akiba. Alitegemea ndugu wa marehemu waendelee kuchanga. Ndugu walichoka, wakaacha kulipa. Naitrojeni ikakoma kujazwa, na miili tisa ikaoza. Mwaka 1979 siri ikafichuka, kisha kesi ikaenda mahakamani. Bedford alinusurika kwa kuwa familia yake ilimhamisha mapema.

Chatsworth ndiyo iliyofundisha kulipa kila kitu kabla ya kifo, kutenga mfuko na kulinda mtaji. Mtu anayetaka mtaji huo upelekwe maabara anataka waliohifadhiwa wategemee tena huruma ya mchango wa mwezi ujao. Uwe unaamini ufufuo au huuamini, hiyo ni dhuluma kwa mtu aliyelipia kutunzwa na hawezi tena kujitetea.

Halafu huo utafiti wenyewe unadhaniwa vibaya. Hakuna mamalia mzima aliyewahi kurudishwa uhai kutoka baridi ya naitrojeni ya kimiminika. Kazi inayosonga mbele ni finyu zaidi: kupoza kiungo kiwe kama kioo bila kufanya barafu, kisha kukipasha joto bila kukipasua. Na kazi hiyo inalipiwa na walio hai. Saul Kent na William Faloon, wafanyabiashara wa virutubisho, walifadhili kampuni ya utafiti ya 21st Century Medicine ya California. Mwaka 2009 Greg Fahy na wenzake wa kampuni hiyo walichapisha habari za figo ya sungura iliyopozwa hivyo, ikapandikizwa na kumweka mnyama hai. Mwaka 2023 watafiti wa Chuo Kikuu cha Minnesota walipandikiza figo za panya zilizohifadhiwa hadi siku 100, zikafanya kazi. Wanaosubiri figo leo ndio watakaonufaika kwanza, na hilo pekee linatosha kuwa sababu ya kuufadhili utafiti huo.

Kwa anayekusudia kujisajili: kata bima ya maisha ukiwa bado na afya, na uitaje taasisi kuwa mnufaika. Usiwaachie watoto deni la kila mwezi. Uliza kama ada inajumuisha timu ya kusubiri kando ya kitanda cha mgonjwa na usafiri. Zile dola 28,000 hazijumuishi. Zidisha kiwango cha bima, maana bei hupanda. Dai kuona hesabu za mfuko, na uulize nani anaruhusiwa kugusa mtaji. Ukipenda utafiti, changia maabara za uhifadhi wa viungo moja kwa moja, sasa hivi, kwa hundi nyingine.