Tope Lilalalo Chini ya Mtungi

Wakati wa masika maji ya mto huwa mekundu kwa udongo. Watu wakiyateka na kuyaacha mtungini usiku kucha, asubuhi huyakuta yametakata, na tope limelala chini. Wengi hudhani ya kuwa uchafu umekwisha. Sivyo; uchafu haukutoka, umelala tu, nao waweza kuamshwa.

Kila chembe ya udongo ni nzito kuliko maji ya kadiri yake, kwa hiyo huzama. Lakini chembe zote hazizami kwa mwendo mmoja. Mtaalamu George Stokes, aliyefundisha Uingereza, alieleza kanuni yake mwaka 1851: katika chembe ndogo za namna moja, ile iliyozidi mwenziwe mara 10 kwa unene huzama upesi mara 100. Chembe ya mchanga yenye unene wa sehemu moja katika 10 za milimita hushuka kadiri ya milimita 8 kwa sekunde 1. Chembe ya udongo wa mfinyanzi yenye unene wa sehemu moja katika 1000 za milimita haishuki hata milimita 100 kwa mchana na usiku mzima. Ndiyo sababu maji ya udongo laini hukawia sana kutakata.

Je, tope huamkaje? Maji yaliyo karibu na chini ya mtungi yametulia, kwa hiyo chembe hukaa mahali pake. Kata ikitumbukizwa kwa nguvu, maji husukumwa pande zote na kuzunguka hata chini. Chembe hubingirika kwanza, kisha huinuliwa. Maji yakipanda upesi kuliko chembe inavyoshuka, chembe haina budi kupanda pamoja nayo. Mchanga hurudi chini mara moja. Bali udongo laini ukiisha kuamshwa huelea kwa saa nyingi. Hivyo tendo la dakika moja huharibu kazi ya usiku kucha. Ndivyo ilivyo pia bwawani ng'ombe wanapoingia kunywa, na mtoni gharika inapokuja baada ya kiangazi.

Tena tope si udongo mtupu. Vijidudu vya maradhi vitokavyo katika kinyesi hushikamana na chembe za udongo na kuzama pamoja nazo, na humo topeni huweza kuishi siku nyingi kuliko katika maji matupu. Alitibuaye tope huvirudisha juu, penye kata. Mtoto mchanga akinyweshwa maji hayo aweza kushikwa na kuhara, na kuhara hukausha maji ya mwili wake hata akafa.

Basi, maji yakiisha kutulia, yamiminwe polepole katika chombo safi, yakipita katika kitambaa kilichofuliwa. Yale machache yaliyobaki na tope yasinywewe, yamwagiwe miti. Mtungi nao usuguliwe kabla ya kujazwa tena, kwa maana tope la jana huchafua maji ya leo. Kisha maji yachemshwe hata yatokote, kwa kuwa vijidudu vingine ni vidogo mno, havizami kamwe, na jicho haliwezi kuviona. Yakipoa, yafunikwe, na kata itundikwe mahali safi.