Lushebere: mlango wa kuku unaojifunga kwa nguvu za jua

Kule Lushebere, katika milima ya Masisi, jua linazama karibu saa kumi na mbili jioni, mwaka muzima. Kuku wanajua, wanaingia wenyewe. Shida ni mlango. Mama akichelewa shambani, paka ya pori inamutangulia, na asubuhi pesa ya masomo ya mtoto imeliwa.

Plake ndogo ya jua, batri ya volti 12 na mota kidogo vinatosha, kwani mota inavuta mlango sekunde chache tu, mara mbili kwa siku. Lakini kifaa cha kupima mwanga kinadanganywa na ukungu wa huku: kinaweza kufunga mapema, kuku wangali inje. Afazali saa ya kupanga, ifunge saa 12:45 jioni. Mwizi, yeye, bado anaomba kufuli.