Mbolea ya funza na hesabu ya lori

Biashara ya funza nchini Kenya ilijengwa juu ya chakula cha mifugo. Funza wa nzi askari mweusi, ambaye wafugaji humwita BSF tu, hula machicha ya bia, maganda na mboga zilizooza kwa wiki mbili hivi, kisha hukaushwa na kuuziwa watengenezaji wa chakula cha kuku na samaki, wanaolemewa na bei ya omena na soya. Kinachobaki kwenye beseni ni kinyesi, magamba waliyojivua na masalia ya chakula, na kwa uzito huwa kingi kuliko funza wakavu wenyewe. Sasa mabaki hayo yanatafutiwa soko kwa wakulima wa mahindi.

Ubora wa mabaki hayo kama mbolea umeonekana shambani. Mwaka 2020 watafiti wa icipe, kituo cha utafiti wa wadudu kilichoko Kasarani, Nairobi, walichapisha matokeo ya majaribio yao ya mahindi nchini Kenya. Kwa kiwango kilekile cha kilo 100 za naitrojeni kwa hekta, mbolea ya funza ilizidi urea kwa asilimia 7 ya mavuno, na mbolea ya asili ya dukani kwa asilimia 27. Tena huiva kwa takriban wiki tano, wakati mboji ya kawaida huchukua miezi. Kwa kaunti za mahindi za Uasin Gishu na Trans Nzoia, ambako miaka mingi ya kutumia mbolea ya DAP imeongeza tindikali udongoni, faida ya kurudisha mboji ardhini ni kubwa kuliko msimu mmoja unavyoweza kuonyesha.

Tatizo ni uzito. Mbolea hii ina naitrojeni ya takriban asilimia 2, urea ina asilimia 46. Ekari moja ikihitaji kilo 40 za naitrojeni, mkulima hununua mifuko miwili ya urea ya kilo 50, au tani 2 za mbolea ya funza, yaani mifuko 40. Mwaka 2023 serikali ilishusha bei ya mfuko wa mbolea ya ruzuku hadi shilingi 2,500, kwa hiyo urea hiyo yote ni shilingi 5,000. Ukipima naitrojeni peke yake, mfuko wa mbolea ya funza ungepaswa kuuzwa shilingi 125, na hapo lori kutoka Nairobi hadi Kitale, huko Trans Nzoia, mwendo wa karibu kilomita 380, bado halijalipwa.

Ndiyo maana sishangai kuona kampuni kubwa zimejikusanya karibu na jiji. Sanergy, ambayo siku hizi ni Regen Organics, ilianza kwa kukusanya kinyesi cha vyoo vya mitaa ya mabanda kama Mukuru, na huuza mbolea kwa jina la Evergrow. InsectiPro iko Limuru. Taka ziko mjini, nao wanazifuata. Mnunuzi anayewafaa zaidi ni mkulima wa mboga au maua aliye karibu, mwenye ekari chache na pesa inayorudi haraka. Mahindi hayalipi hivyo.

Kwa mahindi, naona njia iko kwa mfugaji wa kuku mwenye shamba. Yeye huwapa kuku funza wabichi, hahitaji kukausha wala kufunga kwenye mifuko, na mbolea huibeba kwa toroli. Haitamtosha ekari nzima, maana tani 2 zinadai taka nyingi mno, lakini akiweka konzi moja kwenye kila shimo wakati wa kupanda, kisha akakuzia kwa urea kidogo, ananufaika na zote mbili. Ila asitumie mbolea isiyoiva: ikitoa harufu kali ya amonia, itaunguza miche.

Masoko ya Kitale na Eldoret hutupa mboga na matunda kila jioni. Kaunti zikitenga taka hizo sokoni kabla hazijachanganyika na plastiki, vikundi vya wafugaji vitapata malisho ya funza kilomita chache tu kutoka kwenye mahindi.