Utaridi Mbele ya Jua la Palma

Sayari mbili tu zinaweza kupita kati ya Dunia na jua: Utaridi, ambayo wengine huiita Zebaki, na Zuhura. Njia zao za kulizunguka jua ziko ndani ya njia ya Dunia. Mojawapo ikikaa mstari mmoja na jua, huonekana kama nukta nyeusi inayokata uso wa jua polepole kwa saa kadhaa. Tukio hilo ni mpito. Asili yake ni ile ile ya kupatwa kwa jua, lakini sura zake hazifanani. Tarehe 1 Septemba 2016, mwezi ulipoliacha jua likiwa pete kusini mwa Tanzania na kaskazini mwa Msumbiji, mwanga wa mchana ulififia. Mpito haufifishi chochote kwa macho ya binadamu, na asiyeambiwa huendelea kuanika samaki wake bila kujua kuna jambo juu.

Utaridi huipita Dunia kila baada ya siku 116 hivi, na Zuhura kila baada ya siku 584. Mipito ingekuwa jambo la kawaida kama njia zote zingelala katika bapa moja. Lakini njia ya Utaridi imeinama kwa nyuzi 7 na ya Zuhura kwa nyuzi 3.4, kwa hiyo mara nyingi sayari hupita juu au chini ya jua bila kuligusa. Kwa zama hizi Utaridi hulikata jua mwezi Mei au Novemba tu, mara 13 au 14 katika karne. Zuhura ni adimu zaidi: huja mara mbili kwa kupishana miaka 8, kisha hunyamaza kwa zaidi ya miaka 100.

Palma, kaskazini mwa Msumbiji, imekaa pazuri kwa shughuli hii. Mji uko nyuzi 10.8 kusini mwa ikweta, jirani na mdomo wa mto Ruvuma, na ghuba yake imefunguka mashariki, jua linakochomoza. Mpito wa Zuhura wa tarehe 8 Juni 2004 ulionekana huko wote, kuanzia kama saa 1:13 asubuhi hadi saa 7:26 mchana kwa saa za Msumbiji. Ule wa tarehe 6 Juni 2012 ulianza usiku. Jua lilitoka baharini likiwa tayari na nukta yake, na kabla ya saa 1 asubuhi mambo yalikuwa yamekwisha. Utaridi ilipopita tarehe 11 Novemba 2019, jua la Palma lilizama wakati sayari ikiwa karibu katikati ya safari.

Mpito unaofuata ni wa Utaridi, Jumamosi tarehe 13 Novemba 2032, na ratiba yake ni kama imepangwa kwa ajili ya pwani hii. Utaanza kama saa 2:41 asubuhi, utafika katikati saa 4:54 na kumalizika saa 7:07 mchana. Mtu wa Mtwara, ng'ambo ya Ruvuma, aongeze saa moja. Nyakati hizi zimepigwa kwa kitovu cha Dunia, hivyo dakika moja au mbili zinaweza kuhitilafiana na zitakazopimwa ufukweni.

Jambo la kuzingatia ni zawali. Palma iko mbali mashariki mwa eneo lake la saa, na katikati ya Novemba jua hufika kileleni kama saa 5:02, karibu saa nzima kabla ya saa 6. Maana yake, katikati ya mpito itaangukia dakika chache tu kabla ya zawali, jua likiwa nyuzi 83 juu ya upeo, takriban utosini. Kijiti kilichosimikwa hakitakuwa na kivuli cha maana.

Jua la utosini husumbua vifaa. Darubini iliyoelekezwa juu kabisa huangusha taswira yake chini, katikati ya miguu ya stendi, mahali ambapo karatasi na mikono havipati nafasi. Dawa yake ni prizma ya pembe inayokunja mwanga kwenda pembeni, ubaoni. Stendi za kawaida nazo hukwama zinapolifuata jua karibu na utosi, kwa sababu zinalazimika kuzungushwa haraka. Heri kujaribu siku mbili tatu kabla. Kuielekeza darubini hakuhitaji jicho: kivuli cha bomba lake kikifupika hadi mwisho, imeshalenga jua. Darubini ndogo ya kulengea ifunikwe.

Utaridi itakuwa na upana wa sehemu moja katika 194 ya upana wa jua. Taswira ya jua ya sentimita 20 kwenye karatasi nyeupe itaionyesha kama nukta ya milimita 1. Miwani ya kutazamia kupatwa kwa jua, iliyotosha kwa Zuhura mwaka 2004, hapa haifui dafu. Panatakiwa darubini inayokuza kama mara 50, na kichujio cha jua kifungwe mbele ya lenzi kubwa, kamwe si nyuma penye jicho. Doa la jua lisichanganywe na sayari: doa huwa na ukingo wa kijivu na kwa saa chache halionekani kusogea, ilhali Utaridi ni duara jeusi lenye ukingo mkali linalohama.

Kwa jicho tupu, au kwa darubini isiyo na kichujio, jua hupofusha, na mara nyingi bila maumivu ya kuonya. Picha ya eksirei na kioo kilichopakwa masizi havizuii vya kutosha. Hata kulitazama jua katika beseni la maji ni hatari: jua likiwa juu, maji hurudisha kama asilimia 2 ya mwanga, wakati kichujio salama hupitisha takriban sehemu moja katika 100,000. Kioo cha fundi wa kuchomelea kinafaa kikiwa cha namba 14.

Novemba mvua kubwa kwa kawaida bado hazijafika, lakini joto la ardhi huchemsha hewa na kuitikisa taswira. Mwanzo wa mpito, jua likiwa nyuzi 55, huenda ukaonekana safi kuliko mwisho wake. Mahali penye nyasi, au karibu na maji, ni bora kuliko ua uliozungukwa na mapaa ya mabati.

Kinachoandikwa ni miguso minne: sayari inapogusa ukingo wa jua kwa nje, inapomaliza kuingia, inapoanza kutoka, na inapoachana na jua. Edmond Halley, aliyetazama mpito wa Utaridi kisiwani St Helena mwaka 1677, alipendekeza mwaka 1716 kwamba nyakati za mpito wa Zuhura zikipimwa mahali mbalimbali duniani zitatoa umbali wa jua, ambao leo unajulikana kuwa kilomita milioni 149.6. Bahari ya Hindi ikajaa wataalamu. Guillaume Le Gentil alikuwa melini wakati wa mpito wa tarehe 6 Juni 1761, sitaha ikiyumba, na vipimo vyake havikufaa kitu. Alibaki ukanda huu miaka 8 akingoja mpito wa 1769. Siku ilipofika, wingu likaziba jua la Pondicherry, India. Mwaka 1882 padri Mjesuiti Stephen Perry aliupima mpito wa Zuhura kutoka Madagascar.

Hata waliobahatika na anga walikutana na tatizo la tone jeusi: sayari inapokaribia kuachana na ukingo, hujivuta kama tone la wino, na sekunde halisi ya mguso hupotea. Hewa, lenzi na kufifia kwa mwanga kwenye ukingo wa jua vyote vinachangia. Video yenye saa iliyolinganishwa na GPS hupunguza kosa hilo bila kuliondoa.

Baada ya 2032, Utaridi itarudi tarehe 7 Novemba 2039, kuanzia kama saa 3:17 asubuhi hadi saa 6:15 mchana, ikikata kipande kifupi karibu na ukingo wa jua. Zuhura haitapita tena hadi Desemba 2117.