Je, Wajua? Masimulizi ya Wanyamwanga Yalivuka Mpaka

Makubaliano ya Waingereza na Wajerumani ya mwaka 1890 yaliwaacha Wanyamwanga pande mbili za mpaka: wengine Tunduma, Tanzania, wengine Nakonde, Zambia. Masimulizi yao hayakugawanyika. Husimuliwa kwamba ukoo wa machifu wao ulianzishwa na Musyani, aliyetoka nchi ya Wabisa. Kabla ya maandishi, habari za namna hiyo, pamoja na madai ya ardhi na utawala, zilitunzwa vichwani mwa wazee.

Nazo ngano za sungura na fisi zilikuwa na wakati wake: jioni, kazi za shamba zikiisha. Aghalabu msimulizi alikuwa bibi. Aliiga sauti za wanyama, akaanzisha wimbo, wajukuu wakaitikia. Wakianza kusinzia, kisa kilikatwa.