Nguruwe 50,000 na kiazi kikuu cha Mexico

Mwaka 1934 mwanakemia wa Kijerumani, Adolf Butenandt, alikamua ovari za nguruwe jike wapatao 50,000. Mwisho wa kazi hiyo yote alibaki na miligramu 20 hivi za fuwele safi za projesteroni, kiasi ambacho hakifuniki hata ncha ya kijiko cha chai. Leo mjamzito anayeandikiwa homoni hiyohiyo huweza kutumia miligramu 800 kwa siku. Kwa njia ya Butenandt, dozi yake ya siku moja ingemaliza nguruwe milioni mbili.

Kwa nini watu walijisumbua kiasi hicho? Kila mwezi yai likishatoka kwenye ovari, kifuko lililokuwamo hakiachwi bure. Hugeuka kinundu cha manjano, na hapo ndipo projesteroni inapoanza kumiminika. Huuandaa utando wa ndani wa mji wa mimba ili yai lililorutubishwa lipate pa kujishikiza, hutuliza misuli isijikaze, na huziba mlango wa kizazi kwa ute mzito. Mimba isipotunga, kinundu hunywea, homoni hushuka, mwanamke akaingia hedhini. Ikitunga, kinundu huendelea kuitunza hadi wiki ya saba au ya tisa hivi, ambapo kondo la nyuma hupokea zamu. Ujauzito unapokaribia kukamilika, kondo hutoa miligramu 250 hivi kila siku.

Ushahidi kwamba kinundu ndicho huitunza mimba ulitoka kwa sungura. Huko Rochester, Marekani, George Corner na mwanafunzi wake Willard Allen waliwatoa sungura wenye mimba ovari zao, jambo ambalo kwa kawaida huiua mimba. Kisha wakawachoma sindano za maji yaliyokamuliwa kwenye vinundu vya nguruwe. Mwaka 1929 walitangaza kwamba mimba za sungura hao ziliendelea kukua.

Ila nani angeimudu dawa ya namna hiyo? Jibu lilikuwa limefukiwa ardhini Veracruz, Mexico. Russell Marker, profesa wa Pennsylvania mwenye ukaidi wa aina yake, aliamini kwamba jamii fulani ya kiazi kikuu cha mwituni ina kiini kinachoweza kugeuzwa projesteroni kwa hatua chache za kikemia. Kampuni za dawa hazikumsikiliza. Mwaka 1942 akaenda mwenyewe, akachimbisha viazi kwa tani, akatengeneza kilo tatu za homoni ambayo gramu moja tu ilikuwa ikiuzwa dola 80. Inasimuliwa kwamba aliingia katika maabara moja ya Mexico City akiwa na chupa zake zimeviringishwa kwenye gazeti. Mwaka 1944 ikazaliwa kampuni ya Syntex, na bei ikaporomoka.

Asije mtu akakimbilia sokoni, lakini. Kiazi kikuu cha kuchemsha hakimpi mama projesteroni. Kile kiini hugeuzwa maabara, tumbo haliwezi kazi hiyo. Hata projesteroni yenyewe ikimezwa, sehemu kubwa huvunjwa na ini kabla haijafika inakotakiwa. Ndiyo maana wengi huandikiwa ya kuweka ukeni. Inayomezwa mara nyingi huleta usingizi, kwa sababu mabaki yake hutuliza ubongo.

Je, inazuia mimba kutoka? Hapa matumaini yalitangulia ushahidi kwa miaka mingi. Mimba nyingi zinazotoka mapema huwa na kasoro za kromosomu, na hizo homoni haiziponyi. Katika utafiti wa PRISM uliochapishwa mwaka 2019, wanawake zaidi ya 4,000 wa Uingereza waliotokwa damu mapema waligawanywa: wengine dawa, wengine dawa bandia. Waliojifungua watoto hai walikuwa asilimia 75 kwa 72, tofauti ndogo mno kujengea hoja. Walipotazamwa wale tu waliokwisha kupoteza mimba tatu au zaidi, ikawa 72 kwa 57.

Pengo hilo ndilo lililobadili mambo. Tangu 2021 mwongozo wa Uingereza unapendekeza miligramu 400 asubuhi na jioni kwa mwenye mimba changa anayetokwa damu na aliyewahi kupoteza mimba, hadi wiki 16 zitimie iwapo moyo wa mtoto umeonekana ukipiga. Anayetokwa damu bila historia hiyo hamo katika pendekezo hilo.

Kuna pia kundi jingine linaloweza kufaidika: wenye shingo fupi ya kizazi, jambo linaloonekana kwa kipimo cha ultrasaundi. Mwaka 2007 watafiti waliwapa wanawake wenye shingo isiyozidi milimita 15 dozi ya miligramu 200 kila usiku. Waliojifungua kabla ya wiki 34 walikuwa asilimia 19. Katika kundi la dawa bandia walikuwa asilimia 34. Ndugu wa projesteroni aliyeundwa maabara, sindano ya Makena, hakubahatika hivyo. Iliruhusiwa Marekani mwaka 2011 kuzuia uchungu wa mapema, utafiti mkubwa wa baadaye ukashindwa kuonyesha faida yake, na Aprili 2023 ikaondolewa sokoni.